Jinsi ya kumaliza maonyo ya namba kufurika kwenye draiva ya Linux

Unajenga draiva, kompaila inamaliza kazi, faili la .ko (moduli ya kupakiwa kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux) linapatikana, lakini katikati ya maandishi yaliyopita mbio kuna mstari kama huu:

```
mizani.c:57:41: warning: integer overflow in expression of type ‘int’ results in ‘-129542144’ [-Woverflow]
```

Wengi huuacha ulivyo kwa sababu moduli imejengwa na inapakia vizuri. Mstari huo unakuambia kwamba hesabu iliyoko mstari wa 57 imezidi uwezo wa aina ya namba iliyotumika, na kinachobaki baada ya kuzidi ni hasi milioni 129 na ushee. Kompaila haijakataa kazi yako, imekuachia uamuzi. Tatizo ni kwamba watu wengi huuamua kwa kuongeza mabano ya kubadili aina, kama `(s64)`, mbele ya hesabu mpaka onyo linyamaze, na hapo ndipo kosa linapojificha vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Mfano nitakaotumia ni wa huku kwetu Moshi: mizani ya jukwaa ya kilo 300 inayopokea kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, ikiwa imeunganishwa na kompyuta ndogo ya Linux kupitia chipu ya HX711. Chipu hiyo inageuza mgandamizo wa kwenye vihisi vya uzito kuwa namba ya biti 24, kuanzia -8,388,608 hadi 8,388,607. Draiva inasoma namba hiyo, inaizidisha kwa uzito wa hesabu moja (yaani hatua moja ya namba hiyo), kisha inatoa miligramu. Linux ina draiva yake ya HX711 tayari. Hii tunaiandika upya kwa kujifunzia, kwa sababu ina karibu kila aina ya kosa ninalotaka kulionyesha. Nachukulia kwamba unaijua C kiasi na terminali haikutishi.

Hatua ya 1: Yakusanye maonyo yote mahali pamoja

Kwenye Debian au Ubuntu unaanza na vifurushi viwili tu:

```
sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)
```

Vipakue siku una bando la kutosha. Baada ya hapo kazi iliyobaki haihitaji intaneti, isipokuwa kujiandaa kujenga kwa ajili ya ARM. Moduli yenyewe usiipakie kwenye laptopu unayoitegemea. Tumia mashine pepe, au kompyuta ndogo ya pembeni ambayo ikiganda hakuna atakayelia.

Kwenye Makefile weka `obj-m += mizani.o`, kisha:

```
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD clean
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD W=1 modules 2> maonyo.txt
grep 'mizani.c' maonyo.txt
```

`W=1` inaomba maonyo ya ziada. Hiyo `clean` usiiruke. Make hujenga upya mafaili yaliyobadilika tu, kwa hiyo ukirudia amri bila kusafisha utaona skrini nyeupe na kudhani maonyo yameisha, kumbe faili halikuguswa.

Ukishamaliza maonyo ya W=1, ongeza mstari huu kwenye Makefile ili kompaila ikague pia namba zinazohamishwa kutoka aina kubwa kwenda ndogo:

```
ccflags-y += -Wconversion
```

Jiandae kwa mafuriko ya maneno. Mafaili ya vichwa ya kerneli yenyewe yatatoa maonyo mengi yasiyokuhusu. Ndiyo maana tunachuja kwa grep kupata ya faili letu peke yake.

Hatua ya 2: Lisome jina la onyo kabla ya kusoma msimbo

Kila onyo linaishia na jina lake, na jina hilo linakuambia uanzie wapi.

`-Woverflow` huja kompaila inapoziona namba zote kwa macho yake, yaani zimeandikwa moja kwa moja kwenye msimbo. Hili ni onyo la uhakika: likitokea, jibu lina kosa, hakuna mjadala. `-Wshift-count-overflow` ni dada yake, linatokea ukisogeza biti kupita upana wa aina yenyewe. `-Wconversion` ni la tahadhari, linasema thamani inaweza kubadilika ikihamishwa. Halafu kuna `-Wsign-compare` na `-Wtype-limits`, ambayo watu huyadharau sana. La kwanza linasema unalinganisha namba yenye alama na isiyo na alama; la pili linasema ulinganisho wako una jibu moja siku zote.

Nitoe mfano wa haya mawili ya mwisho niachane nayo. Fanksheni inarudisha -5, ambayo ndiyo -EIO, yaani kusoma kumeshindikana. Wewe unaipokea kwenye `int ret` na kuuliza `if (ret > sizeof(bafa))`. Kwenye mashine ya biti 64, -5 inageuzwa kuwa 18,446,744,073,709,551,611 kabla ya kulinganishwa, na draiva inaamini imepokea data kubwa kuliko bafa. Ukiipokea kwenye `u32` (namba ya biti 32 isiyo na alama) na kuuliza `if (ret < 0)`, hali ni mbaya zaidi: sharti hilo halitatimia kamwe, na kosa la kusoma linapita kama uzito halali. Dawa ya yote mawili ni kupokea jibu kwenye `int`, kuuliza kwanza kama ni hasi, na kulinganisha ukubwa baadaye.

Hatua ya 3: Tafuta ukomo wa namba nje ya kompyuta

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kazi yenyewe. Kabla ya kubadili herufi moja, andika kwenye karatasi kila kigeu kinaweza kufika wapi. Datashiti ya chipu, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, itakupa nusu ya jibu; nusu nyingine iko kwa anayekitumia kifaa. Nenda kamuulize karani wa mizani.

"Shikamoo mzee. Mzigo mkubwa kabisa unaopanda hapa kwa mara moja ni upi?"

"Marahaba kijana. Utaratibu ni gunia moja. Lakini mwezi wa kumi foleni ikiwa ndefu wanapandisha matatu, na mwenye mali anakanyaga ukingoni kuyashika yasidondoke."

Magunia matatu ya kilo 60 ni 180, na mtu mzima juu yake. Hiyo hukuti kwenye datashiti yoyote, na sasa unajua kwamba kilo 260 ni jambo la kawaida.

Weka na vipimo. Tuseme hesabu moja ya HX711 kwenye mizani yetu ni mikrogramu 40,000, yaani miligramu 40. Namba ya juu kabisa ya chipu, 8,388,607, inakuwa mikrogramu 335,544,280,000, sawa na kilo 335 na nusu. Namba ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647. Kwa mikrogramu hizo ni kilo 2 na gramu 147 tu. Kwa miligramu ni kilo 2,147. Kwa gramu ni zaidi ya tani 2,147.

Hapo utaona kwa nini draiva ya namna hii inafaulu mtihani mezani na kufeli kijijini. Ukiweka pakiti ya sukari ya kilo moja, inasoma sawasawa. Ukiongeza ya pili, bado inasoma sawasawa, kwa sababu mikrogramu bilioni 2 zinaenea. Gunia la kilo 60 linatoa hesabu 1,500,000. Zidisha kwa 40,000 unapata bilioni 60, namba inazunguka kama mita ya pikipiki iliyopita mwisho wake, na skrini inaonyesha hasi gramu 129 na nusu. Hilo angalau linaonekana kwa macho. Lenye kutisha ni uzito ambao ukizunguka unaangukia kwenye namba chanya inayofanana na ukweli.

Jumla ya siku nayo ina ukomo wake. Ukiihifadhi jumla kwa miligramu kwenye biti 32, magunia 35 ya kilo 60 yanapita salama, la 36 linaivunja. Kwa siku ya mavuno hiyo ni asubuhi tu. Jumla iwe `s64` (namba ya biti 64 yenye alama), tena bila majadiliano.

Hatua ya 4: Panua namba kabla ya kuzidisha

Mstari wetu wa 57 ulikuwa huu (`ug` ni mikrogramu):

```
s64 gunia_ug = 60 * 1000 * 1000 * 1000;
```

Mwandishi aliweka `s64` kushoto akaamini amemaliza. C haiangalii kushoto. Inazidisha `int` kwa `int`, inapata `int` iliyofurika, halafu ndipo inaimimina kwenye chombo kikubwa. Marekebisho ni kuipa namba ya kwanza upana, kwa kuwa hesabu inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia:

```
s64 gunia_ug = 60LL * 1000 * 1000 * 1000;
```

Onyo limeisha, na safari hii limeisha kwa haki. Lakini angalia mstari mwingine wa draiva hiyohiyo, ambao kompaila haikuusemea neno:

```
static s32 mizani_mg(s32 hesabu, s32 ug_kwa_hesabu)
{
	s64 ug = hesabu * ug_kwa_hesabu;

	return ug / 1000;
}
```

Ni ugonjwa uleule. Tofauti ni kwamba hapa namba zinakuja wakati draiva inafanya kazi, kompaila haizijui, basi inakaa kimya. Hata `-Wconversion` haisemi kitu juu ya kule kuzidisha, maana kuhamia aina kubwa si dhambi machoni pake. Italalamikia mstari wa `return` tu. Kwa hiyo onyo moja la `-Woverflow` lichukue kama dalili: mahali lilipotokea kuna mtu aliyekuwa anawaza kwa `int`, na huenda aliwaza hivyo faili zima. Pitia kila alama ya kuzidisha. Ukiwa na clang-tidy, programu ya kukagua msimbo, kuna ukaguzi unaoitwa `bugprone-implicit-widening-of-multiplication-result` ambao unakamata hasa kosa hili.

Sasa kuna njia mbili za kuandika marekebisho, na moja ni ya uongo:

```
s64 ug = (s64)(hesabu * ug_kwa_hesabu);   /* bado imefurika */
s64 ug = (s64)hesabu * ug_kwa_hesabu;     /* sahihi */
```

Ya kwanza inapanua jibu likiwa limeshaharibika. Ya pili inapanua kigeu kimoja, na cha pili kinafuata chenyewe. Nikikagua kazi ya mtu na kukuta mabano yamefunika hesabu nzima, ninairudisha bila kusoma zaidi. Kwa namba zisizo na alama kerneli ina `mul_u32_u32()` inayotoa `u64`, na anayesoma anaelewa nia yako papo hapo.

Bado kuna lile onyo la `-Wconversion` kwenye `return`: tunarudisha `s64` ndani ya `s32`. Je, miligramu zinaenea? Kwa kipimo cha 40,000, ndiyo, mwisho ni 335,544,280. Lakini kipimo hicho anakiingiza fundi anayerekebisha mizani, na siku akikosea sifuri mbili hakienei tena. Kwa hiyo kabla ya kuandika `(s32)`, zuia mlangoni:

```
if (kipimo <= 0 || kipimo > 255000)
	return -EINVAL;
```

255,000 haikuokotwa. Ukiizidisha kwa 8,388,608 na kugawa kwa 1,000 unapata 2,139,095,040, ambayo iko chini kidogo ya ukomo wa biti 32. Andika hesabu hiyo kwenye maoni juu ya mstari, ili anayekuja baada yako asiibadilishe kwa kuona ni namba ya ajabu. Baada ya kizuizi hicho, `(s32)` ni halali, kwa sababu umethibitisha inachokidai.

Hatua ya 5: Kugawanya kwa biti 64 kwenye kompyuta ya biti 32

Ukishapanua namba, laptopu yako itajenga bila shida, halafu ukijenga kwa ajili ya kompyuta ndogo ya ARM ya biti 32 utakutana na kilio kingine: moduli haikamiliki kwa sababu jina `__aeabi_ldivmod` halijulikani. Kompaila inaitafuta fanksheni hiyo ili igawanye namba ya biti 64, na kerneli haina, kwa makusudi. Usiende kuitafuta mitandaoni uibandike. Jumuisha `<linux/math64.h>` na uandike:

```
s64 ug = (s64)hesabu * ug_kwa_hesabu;

return (s32)div_s64(ug, 1000);
```

Kama kigawanyo nacho ni cha biti 64, tumia `div64_s64()`. Ipo pia `do_div()`, ya zamani, na ina tabia mbili za kukera: inataka `u64` tu, na inabadilisha kigeu ulichompa huku ikirudisha kile kilichobaki baada ya kugawa, jibu lenyewe ikiliacha ndani ya kigeu. Naiacha kwa waliokwisha kuizoea.

Hatua ya 6: Kusogeza biti

Ukiandika `1 << 40`, kompaila itakuonya, na jibu ni `BIT_ULL(40)`. Kumbuka `BIT()` ya kawaida ni `unsigned long`, yaani biti 32 kwenye mashine ya biti 32, kwa hiyo draiva inayopita kwako inaweza kugoma kwa mwenzako.

Mtego wenyewe uko kwenye kuunganisha baiti. Mizani nyingine hutuma uzito kama baiti nne, na karibu kila mtu huandika hivi:

```
u64 v = buf[0] << 24 | buf[1] << 16 | buf[2] << 8 | buf[3];
```

`buf` ni ya `u8`, lakini C huipandisha kila baiti kuwa `int` kabla ya kuisogeza. Baiti ya kwanza ikiwa 0x80, biti yake ya juu inatua kwenye nafasi ya alama, namba inakuwa hasi, na ikimiminwa kwenye `u64` biti zote 32 za juu zinajaa moja. Ulitegemea 2,147,483,648, unapata 18,446,744,071,562,067,968. Tumia `get_unaligned_be32(buf)`, inafanya kazi hiyo sawasawa na inasomeka.

Kwa HX711 kuna jambo moja la ziada: namba yake ni ya biti 24 na inaweza kuwa hasi, mfano jukwaa likinyanyuliwa kidogo. Ukiiweka kwenye `s32` hivihivi, -1 inasomeka 16,777,215, na kwa kipimo chetu hizo ni kilo 671 kwenye mizani ya kilo 300. `sign_extend32(v, 23)` inaipa alama yake. 23 ni nafasi ya biti ya alama ukianza kuhesabu na sifuri.

Hatua ya 7: Ukubwa unaotoka kwa mtumiaji

Mpaka hapa tumekuwa tukilinda uzito wa kahawa. Kwenye kuomba kumbukumbu unalinda kompyuta nzima.

Tuseme programu ya chama inaiomba draiva nafasi ya rekodi `n`, kila rekodi baiti 24, na draiva inaandika `kmalloc(n * 24, GFP_KERNEL)`. Kwenye mashine ya biti 32, mtu akituma n = 178,956,971, zao ni 4,294,967,304, ambalo linazunguka na kuwa 8. Kerneli inakupa baiti nane kwa furaha, kisha kitanzi chako kinaanza kujaza rekodi milioni 178 humo. Wavamizi wanaujua mchezo huu tangu zamani.

Huna haja ya kubuni ulinzi wako. `kmalloc_array(n, 24, GFP_KERNEL)` na `kcalloc()` hukagua zao na kurudisha NULL likifurika. Kama ni muundo wenye safu mwishoni, tumia `struct_size()`. Hesabu nyingine zote ziko kwenye `<linux/overflow.h>`:

```
if (check_mul_overflow(n, ukubwa, &jumla))
	return -EOVERFLOW;
```

Inarudisha kweli pale inapofurika, jambo linalowachanganya wanaotegemea kweli iwe na maana ya salama.

Mbinu ya kienyeji ya `if (a + b < a)` kwa namba zenye alama iache. Kwenye C ya kawaida kufurika kwa namba yenye alama hakuna maana iliyowekwa, na kompaila inaruhusiwa kulifuta sharti lako kabisa. Kerneli hujengwa kwa `-fno-strict-overflow`, kwa hiyo huko namba inazunguka tu. Msimbo uleule unakuwa na tabia mbili kulingana na mahali ulipojengwa, na hutaki kuwa wewe wa kumweleza mtu hilo.

Hatua ya 8: Saa na kaunta

Kaunta za muda zinafurika zenyewe, hata draiva ikiwa haina kazi. Mwaka 2015 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787: kaunta ya programu ndani ya vidhibiti vya jenereta ingefurika baada ya siku 248 za umeme kuwaka mfululizo. Ukihesabu 2,147,483,647 kwa mafungu ya sehemu moja ya mia ya sekunde, unapata siku 248 na nusu.

Kwenye Linux kaunta ya `jiffies`, inayohesabu mapigo ya saa ya kerneli, imewekwa kwa makusudi ianze karibu na ukingo wa biti 32, ili izunguke dakika tano baada ya kuwasha. Usilinganishe `jiffies` kwa alama ya `>`. Tumia `time_after()` na `time_before()`. Na unapojaribu muda wa kusubiri, iache mashine iwake zaidi ya dakika tano ndipo ujaribu tena. Ukimaliza majaribio dakika ya pili na kwenda kunywa chai, hujajaribu.

Kwa tarehe za risiti, tumia `ktime_get_real_seconds()`, ambayo ni ya biti 64. Saa za biti 32 zinafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, siku ya Jumanne. Mizani inayofungwa leo inaweza kabisa kuwa bado inafanya kazi siku hiyo.

Hatua ya 9: Ithibitishe hesabu nje ya kerneli

Usisubiri mizani wala gunia. Chukua hesabu peke yake, iweke kwenye faili la kawaida la C, na uiendeshe kwenye laptopu:

```
#include <stdio.h>
#include <stdint.h>

static int32_t mg(int32_t hesabu, int32_t kipimo)
{
	int64_t ug = hesabu * kipimo;
	return (int32_t)(ug / 1000);
}

int main(void)
{
	int32_t v[] = { 0, -1, 25000, 53687, 53688,
			1500000, 4500000, 8388607, -8388608 };
	for (unsigned i = 0; i < sizeof(v) / sizeof(v[0]); i++)
		printf("%d -> %d mg\n", v[i], mg(v[i], 40000));
	return 0;
}
```

```
gcc -Wall -Wextra -fsanitize=undefined jaribio.c -o jaribio && ./jaribio
```

Nimeacha hesabu mbovu makusudi uone. 53,687 inapita, ya 53,688 inaleta:

```
runtime error: signed integer overflow: 53688 * 40000 cannot be represented in type 'int'
```

Taarifa hiyo hutolewa mara moja kwa kila mahali kwenye msimbo, hivyo usidhani namba zinazofuata ni nzima. Weka `(int64_t)` mbele ya `hesabu`, jenga upya, na sasa 1,500,000 inatoa miligramu 60,000,000 na 4,500,000 inatoa 180,000,000. Chagua namba za majaribio kwa mtindo huu: sifuri, hasi moja, moja kabla ya ukingo, moja baada yake, mzigo wa kawaida, mzigo wa karani, na ncha mbili za chipu.

Kisha rudi kwenye draiva na uijenge mara mbili, kwa laptopu yako na kwa ARM ya biti 32. Kwa hiyo ya pili unahitaji kompaila ya ARM na msimbo wa kerneli ya kompyuta ndogo yenyewe, ulioandaliwa tayari, kwenye folda yoyote:

```
make -C ~/kerneli-pi M=$PWD ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- W=1 modules
```

Pande zote mbili zikiwa kimya, ongeza `ccflags-y += -Werror` kwenye Makefile yako ya kazi, onyo jipya lisipite tena bila wewe kujua. Kerneli yenyewe ina chaguo la namna hiyo, `CONFIG_WERROR`, tangu toleo la 5.15. Ila unapowapa wengine msimbo, liondoe: GCC mpya huja na maonyo mapya, na fundi wa Arusha aliyesasisha kompaila yake jana hatakiwi kukwama kwa sababu yako.

Unapohifadhi kwenye git, kila rekebisho liwe peke yake na maelezo yake yataje namba iliyokuwa inaharibika, mfano "mizani: zidisha kwa biti 64, gunia la kilo 60 lilisomeka -129.5 g". "Kuondoa onyo la kompaila" haimwambii kitu atakayesoma mwaka kesho akijiuliza kama anaweza kuifuta ile `(s64)` kuokoa nafasi.